Tuliolelewa au kufunga ndoa ndani ya utumishi wa injili, tupeane uzoefu

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti kwa miaka 41. Msiba ulipoisha nilikabidhiwa sanduku lake la bati. Mlikuwa na Biblia iliyoachia jalada, kitabu cha nyimbo na madaftari sita. Kila safari ameiandika: siku aliyoondoka, alikolala, waliompokea Bwana, waliobatizwa. Nikajitafuta humo. Siku niliyozaliwa alikuwa safarini, na ameandika: "Watu 14. Mvua kubwa." Basi. Sisi wa nyumbani hatumo.

Simshitaki. Nilimpenda na bado nampenda, na watu waliojaa kumzika walikuja kwa sababu ya safari hizohizo. Ila nahitaji kusikia kwa wenzangu mliozaliwa, mliooa au mlioolewa ndani ya kazi hii. Nyumbani kulikuwaje? Mahubiri tuyaweke kando kwa leo, tusimulie maisha.

Mke wa mchungaji

Pole sana dada yangu kwa msiba.

Sisi tumehamishwa mara saba. Mtu akiniuliza uhamisho ukoje, humwonyesha mapazia yangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa na madirisha mafupi, nikashona kwa kipimo chake. Ya pili marefu, nikaunga kitambaa kingine kwa chini. Ya tatu mafupi tena, nikapandisha pindo. Leo ukiyakunjua utakuta mistari ya sindano imepangana, na kila mstari naweza kukuambia ni kituo gani na nilikuwa na mtoto yupi mgongoni.

Uhamisho wa mara nne za mwanzo niliusikia ibadani, wakati wa matangazo, pamoja na washarika wengine. Mume wangu alikuwa na barua tangu majuma mawili nyuma, akaificha ili nisipate wasiwasi. Hilo liliniuma kuliko kuhama kwenyewe. Nyumba ya mchungaji haina saa za kufunga: wageni, wagonjwa, wajane, wanandoa waliogombana usiku wa manane. Wote hao niliwapokea mimi wakati yeye yuko mitaani. Nilikuwa mtumishi kamili, ila hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Barua ya tano aliileta ikiwa bado imefungwa, akaiweka mezani. "Mama, tuisome wote." Tukaisoma, tukaomba, tukabishana mpaka taa ikaisha mafuta, asubuhi tukakubali. Kituo hicho kilikuwa kigumu kuliko vyote, na ndicho ninachokikumbuka kwa furaha hadi leo.

Mtoto wa wamisionari

Kituoni kwetu hakukuwa na shule, nikapelekwa bweni nikiwa na miaka saba. Kila Jumapili tulikaa mezani kuandika barua, na mlezi alizisoma kabla hazijafungwa. Kwa hiyo nilijifunza mapema kuandika "sijambo".

Mama alipotimiza miaka 70 alinipigia simu. Alikuwa amezitunza barua zote, amezipanga upya kwa tarehe, na ameona kwamba miaka miwili mfululizo zina maneno yaleyale matano, kwa mpangilio uleule. "Mwanangu, mbona sikuliona hili?" Akaniomba msamaha. Nilikuwa na maneno niliyojiandalia miaka mingi, na pale simuni sikuona hata moja la kusema. Tulilia wote wawili.

Msomaji wa historia ya kanisa

Dada, daftari la baba yako si la kwanza la namna hiyo. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kichanga naye akafuata. Krapf anakumbukwa kwa kamusi ya Kiswahili na tafsiri za Maandiko. Rosine anakumbukwa kwa kaburi.

Mmisionari Mwingereza William Carey alikwenda India mwaka 1793. Mkewe Dorothy alikuwa amekataa, akakubali dakika za mwisho akiwa na mtoto mchanga. Mwaka uliofuata walimzika mwana wao Peter, na akili ya Dorothy haikutengemaa tena hadi alipokufa mwaka 1807. Katikati ya miaka hiyo, 1801, Agano Jipya la Kibengali likachapwa. Naye mmisionari David Livingstone aliwasafirisha mkewe Mary na watoto kwenda Uingereza mwaka 1852, na hakuonana nao mpaka mwishoni mwa 1856. Mary alipomfuata tena Afrika, alifia Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwaka 1862.

Kazi ya watu hao naiheshimu kwa moyo wote, na baadhi yetu tunasoma Neno kwa lugha zetu kwa sababu ya watu kama hao. Lakini nikifundisha vijana nawataja wake zao kwa majina. Tena Maandiko yenyewe hayakuwasahau watu wa nyumbani. Akila yuko na Prisila, na Filipo mhubiri wa injili anatajwa pamoja na binti zake wanne waliotabiri. Mimi hujiuliza sana Filipo aliishije na mabinti wale hata wakaipenda kazi yake.

Dada mseja, mhudumu wa misheni

Huwa tunaambiwa sisi hatuna familia. Nilikuwa na mama. Alipopata kiharusi niliomba likizo, bodi ikanipa miezi mitatu, na ugonjwa ulidumu miaka mitano. Niliacha kituo nikamuuguza. Kuna walioniambia nimetazama nyuma nikiwa nimeshika jembe. Nilimwogesha mama yangu kila asubuhi, na sijutii hata asubuhi moja.

Kijana ninayejiandaa

Nimekubaliwa kwenda kituo cha mbali mwakani, na mchumba wangu anasema atakwenda popote nitakapokwenda. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Baada ya kuwasoma nimeanza kuogopa.

Mke wa mchungaji

Mdogo wangu, "popote utakapokwenda" nami nililisema, nikiwa na miaka 22. Muulize swali lingine: yeye ameitwa kufanya nini huko? Kisha nendeni kwa waliowatuma, wote wawili, mkaulize kabla ya kuagwa: watoto watasoma wapi, mmoja akiugua nani anawatoa na kwa usafiri gani, na mkirudi mtaishi nyumba ya nani. Majibu yaandikwe. Mwenye haya ya kuuliza leo atauliza akiwa na mtoto mwenye homa mapajani.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote, nimewasoma nikilia. Dada uliyemuuguza mama, umenifanya nimpelekee mama yangu madaftari badala ya kuyasoma peke yangu. Tulikaa naye jana mchana kutwa. Haoni vizuri, kwa hiyo nasoma tarehe, yeye anasimulia: huku alikwenda na baiskeli ya kuazima, huku alirudi hana viatu kwa kuwa aliwaachia wengine.

Katika daftari la nne tukafikia ukurasa niliokuwa nimeupita. Una tarehe, jina la kijiji alichotarajiwa, na chini yake neno moja tu: "Sikwenda." Kesho yake tena, "Sikwenda." Zimefuatana siku tisa.

Nikamuuliza mama kulikuwa na nini. Akanishika kovu la tetekuwanga hapa shavuni.