Hiace ya wanafunzi: kamera ya rivasi inazima, sensa zinalia bila kitu nyuma

DerevaIgoma
Habari za jioni wakuu. Naendesha Hiace 200 ya wanafunzi hapa Mwanza. Ina kamera ya nyuma na sensa nne za bampa, zote zilifungwa hapahapa nchini, si za kiwandani. Kamera iko juu ya namba, skrini ni redio ya Android kwenye dashibodi.

Matatizo ni mawili. Nikiweka rivasi skrini inageuka yenyewe, lakini mara nyingi inabaki nyeusi na kuandika kwamba hakuna ishara. Kuna siku picha inakuja safi kabisa, nikipiga shimo moja tu imepotea. Halafu sensa zinalia mfululizo kana kwamba kuna ukuta, wakati nyuma ni uwanja mtupu. Kelele hizi za sensa zilianza baada ya bampa kupigwa rangi.

Taa za rivasi zinawaka zote mbili. Fundi wa huku anasema kamera imekufa, kiboksi cha sensa nacho kimekufa, ninunue seti mpya. Bosi akisikia neno "mpya" simu inakata. Na mimi siwezi kurudi nyuma kwenye geti la chekechea kwa kubahatisha, vioo vya Hiace mnavijua. Naombeni msaada.

FusoMzigo
Mkuu, kata waya mwekundu wa kamera, uunge kwenye moto wa swichi ya ufunguo, iwe inawaka muda wote. Mimi kwenye Fuso ndivyo ilivyo na hainisumbui. Ila lori ni volti 24, ukichukua kamera ya volti 12 inaungua palepale.

UmemeGerezani
Mkuu DerevaIgoma, usinunue kitu kwanza. Wewe mwenyewe umeshataja nusu ya jibu.

Skrini ikigeuka ina maana swichi ya rivasi kwenye giaboksi ni nzima, fyuzi ni nzima, na ule waya mwembamba wa kuiamsha redio unapata moto. Kilichobaki ni moto wa kamera, ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), au waya wa picha. Kamera iliyokufa haiwezi kufufuka pale barabara inapokuwa nzuri na kufa tena kwenye shimo. Hiyo ni tabia ya waya.

Na kwenye Hiace waya hukatika mahali pamoja: ndani ya ile raba ya mikunjo inayotoka kwenye bodi kuingia mlango wa nyuma, juu karibu na bawaba. Gari la shule mlango ule unafunguliwa kila asubuhi na kila jioni kupakia mabegi. Shaba inakatika ndani, plastiki ya nje inabaki nzima, ukiutazama unaona waya mzuri tu.

Fanya hivi kabla hujafungua chochote. Injini zima, ufunguo washa, handibreki juu, weka jiwe kwenye tairi, gia iwe rivasi. Mtu akae mbele aangalie skrini, wewe nyuma fungua na funga mlango polepole. Picha ikija na kuondoka, umemaliza uchunguzi. Angalia pia taa za namba na waipa ya nyuma, waya zake zinapita njia hiyohiyo.

Jambo moja ambalo mafundi wengi linawapiga chenga: mita ya kidijitali itakuonyesha volti 12 hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba. Ukiunga kamera, moto unaanguka. Tumia taa ya testa yenye balbu ya kawaida kwenye waya mwekundu wa kamera. Ikiwaka hafifu, waya umeisha. Kisha shika ethi ya testa kwenye ule waya mweusi wa kamera badala ya bodi. Ikizima hapo wakati kwenye bodi iliwaka, tatizo lako ni ethi.

FusoMzigo, ushauri wako hautamsaidia. Waya ukiwa umekatika kwenye raba, moto uupe usiupe hauvuki.

Sensa ni kesi nyingine kabisa, usizichanganye na kamera. Ile sura ya sensa inatetemeka ili kutoa sauti ambayo sikio letu halisikii, halafu inatulia na kusubiri mwangwi. Rangi nzito ikiganda juu yake, au mpiga rangi akiirudisha bila ile pete ya raba ikabanwa na tundu la bampa, haitulii kwa wakati. Kiboksi kinaona mtetemo wa sensa yenyewe na kudhani ni kitu kilicho karibu. Angalia pia kama zimerudishwa kichwa chini: nyingi zina mshale au neno nyuma yake, lazima litazame juu, la sivyo inasoma ardhi.

Chomoa soketi moja moja kwenye kiboksi, mpaka utakapochomoa ile inayonyamazisha kelele. Hiyo ibadilishane tundu la kiboksi na jirani yake. Kosa likihama pamoja na sensa, sensa ndiyo mbovu. Likibaki kwenye tundu lilelile, hapo ndipo ulaumu kiboksi.

PwaniMotors
Niko Mombasa, naongezea tu. Chunguza pia vile vibano vya plastiki wanavyotumia kuiba moto kwenye waya wa taa ya rivasi. Huku kwetu chumvi inavila, ukifungua unakuta unga wa kijani.

MamaWaBasi
Mimi ni matroni wa basi la shule. Hata zikitengenezwa, watoto wa chekechea hawaonekani na hizo sensa. Mimi nashuka kila mara, dereva hasogei mpaka nipige bodi mara mbili.

UmemeGerezani
Mama amesema kweli na ni suala la kiufundi. Aliye karibu kabisa na bampa, au aliyechuchumaa chini ya usawa wa sensa, hasomeki. Nguzo nyembamba inapitwa, na sweta la mtoto linameza sauti badala ya kuirudisha.

DerevaIgoma
Wakuu, mrejesho. Mlango ukiwa wazi picha ipo, nikifunga inakufa. Nimevuta raba, waya tatu zimekatika na mmoja unavutika kama mpira. Taa za namba kumbe nazo zilikuwa haziwaki, mimi nilikuwa nasubiri kununua balbu. Sensa iliyoleta shida ni ya pili kutoka kulia, nilipoihamisha tundu kosa likaifuata. Rangi yake ni nene kuliko za wenzake.

Maswali: naunga waya humohumo kwenye raba? Na duka la spea wananiambia sensa moja haiuzwi.

UmemeGerezani
Usiunge ndani ya raba, kiungo kigumu kitakatika tena palepale. Weka kipande kipya cha waya laini wa nyuzi nyingi kipite raba yote. Viungo vikae ndani ya bodi upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili, uvichomelee kwa risasi, usivipange sehemu moja vikajaa. Acha waya ulegee kidogo mlango ukiwa juu. Ule wa picha kama nao umejeruhiwa badilisha wote, usiuunge, picha itakuja na mistari.

Sensa, ing'oe ile mbovu uende nayo mkononi, ulinganishe soketi, kipenyo na namba iliyo mgongoni. Jaribu mafundi redio wanaofunga seti hizi, mara nyingi wana mabaki. Ukikosa kabisa ndipo ununue seti, na hapo funga na kiboksi chake, usichanganye. Rangi ikibidi, ipulizwe nyepesi sensa ikiwa nje ya bampa.

DerevaIgoma
Sawa mkuu. Kesho gari halina ruti, naanza na waya.