Fundi kakata spika nzima ya marehemu baba, sasa anaitaka na ya pili

Wakuu, salaam. Nimejitahidi nitulie siku mbili kabla ya kuandika, hasira imegoma kushuka.

Nina jozi ya spika za JBL L100. Marehemu mzee alizinunua Tanga mwaka 1983 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago. Wanaozijua wanazijua: zilianza kuuzwa 1970, wufa (ile spika kubwa ya besi) nyeupe ya inchi 12. Zimelala stoo miaka mingi. Juzi juzi nikazitoa, nikachomeka kwenye ampu, zikaimba. Ila moja, sauti za juu zilikuwa zinakwaruza, zinakatika, zinarudi. Na ile sponji ya mbele, yenye vijumba kama trei ya mayai, imeoza. Ukiigusa unabaki na unga mkononi.

Hapo ndipo fundi aliponipatia. "Bosi, sponji ya mbele ikifa ujue na ya wufa imeshakufa." Nikafungua wufa zote mbili nikampelekea, na elfu 60 ya kuanzia. Ujinga wangu, nakubali, msinisimange.

Sasa sikieni. Ukingo wa wufa hii, pale koni (karatasi inayotikisika) inaposhikana na fremu, SI SPONJI. Ni kitambaa cha mikunjo kilichopakwa dawa. Sponji kweli inaoza, hasa kwetu pwani kwenye unyevu, lakini kitambaa kile kina miaka hamsini na bado kinacheza. Mwenye kazi yake angepitisha kidole tu akajua. Huyu kapitisha wembe. Kazungusha duara zima, kang'oa, kabandika sponji ya bei chee kwa supaglu. Supaglu jamani, gundi inayokauka ikawa ngumu kama kucha, kwenye kitu ambacho kazi yake ni kunyumbulika! Wala hakuingiza vipande vya plastiki kuzunguka koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, ili ikae katikati gundi ikikauka. Nimeisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, naisikia inasaga huko ndani, krr, krr.

Halafu kaipiga spirei nyeusi. Koni nyeupe ya kiwandani! Eti ipendeze. Rangi ni uzito, na uzito wa koni unabadilisha mlio. Kuna mtu anapaka rangi ngozi ya ngoma?

Kilichoniuma kuliko vyote ni sumaku. Aliona kutu kwa nje akafungua asafishe. Sumaku ya wufa hii ni alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti. Ukiitoa ndani ya chuma chake inapoteza nguvu, na kuirudisha hairudishi hiyo nguvu; inataka mashine ya kuichaji upya. Na hizi hazitengenezwi kama zamani. Vita vya Shaba, kule Kolwezi kwenye migodi ya kobalti, Zaire (Kongo ya leo), mwaka 1978 vilirusha bei ya kobalti juu, viwanda vya spika vikakimbilia sumaku za feraiti, zisizohitaji kobalti, JBL wenyewe wakiwemo. Kutu ya nje ilikuwa ya kufuta kwa kitambaa na msasa laini, basi.

Bado. Akapima kwa betri ya tochi, chanya kwenye sehemu nyekundu ya kufungia waya, koni ikaingia ndani badala ya kutoka. Akaona "waligeuza waya kiwandani", akazigeuza. JBL za zamani ndivyo zilivyo! Kuirudisha kwenye boksi, hiyo inasukuma nje wakati mwenzake inavuta ndani, besi yote imeyeyuka. Nilihangaika jioni nzima nadhani ampu imekufa.

Mnajua ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Mbele ya boksi kuna vitufe viwili vya kuzungusha, vya kuongeza na kupunguza sauti za kati na za juu. Vilishika kutu ndani. Jumamosi nimepuliza dawa ya kusafishia swichi, nikavizungusha kama mara thelathini, mkwaruzo ukaisha. Dakika kumi. Wufa hazikuwa na tatizo lolote zaidi ya vumbi, na vumbi lenyewe hii ya pili nimelitoa kwa brashi laini ya rangi, kavu, nikipiga kutoka katikati kwenda nje.

Nashukuru hii ya pili niliiwahi kabla ya wembe. Kwa hiyo msije hapa na "mkuu tupa hizo, nunua sabufa". Namtafuta mwenye ukingo wa kitambaa wa inchi 12, na anayejua wapi wanachaji sumaku, hata kama ni Nairobi.

Jana usiku huyo bwana kanipigia. Sikuwa hata nimeanza kufoka, ananiambia, "Bosi, lete na ile nyingine, niongeze elfu 20 tu nipige nyeusi zifanane."