Jumuiya nzima iende wodini kusali?

Wapendwa, mtoto wa dada yangu, miaka 4, amelazwa tangu juzi: malaria kali, degedege, damu imeshuka. Anachomwa sindano za artesunate, dawa ya malaria kali, ameongezewa damu. Jumuiya yetu, watu 15, wanataka kwenda kusali rozari kitandani pake. Dada hajalala. Twende?

— Msiende wote. Mwanangu alipougua homa ya uti wa mgongo walikuja wawili tu. Walinishika mkono, wakasali Baba Yetu taratibu, wakaniachia uji na kanga safi. Wengine walisali majumbani saa tatu usiku. Nilipoiona saa hiyo nilijua sipo peke yangu.

— Poleni sana. Wenye afya wakachangie damu pia. Tunamwombea.

— Asanteni. Tunaenda wawili. Leo asubuhi amefumbua macho, ameita mama.