Ushauri: Ant-Man and the Wasp imefaulu kama burudani, au nimeipenda tu bila sababu?

Mwanafunzi_wa_Picha

Wakuu, habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili. Tumepewa kazi ya kuhakiki filamu ambayo ni mwendelezo wa nyingine, na sharti la mwalimu ni moja: mwisho utoe hukumu, filamu imetimiza ilichokusudia au haijatimiza. Nimechagua Ant-Man and the Wasp ya mwaka 2018, ya Peyton Reed, yule yule aliyeongoza ya kwanza ya 2015.

Kwa waliosahau: Scott Lang (Paul Rudd), yaani Ant-Man, yuko kwenye kifungo cha nyumbani San Francisco, ana kifaa mguuni, kwa kosa la kwenda Ujerumani kumpigania Captain America. Zimebaki siku tatu amalize miaka yake miwili. Hapo hapo Hope (Evangeline Lilly), yaani Wasp, na baba yake Hank Pym (Michael Douglas) wanamtorosha awasaidie kumtafuta mama yake Hope, Janet (Michelle Pfeiffer), aliyepotelea kwenye ulimwengu wa kwanta, ule mdogo kuliko hata atomu, mwaka 1987. FBI wanamvizia Scott, mfanya magendo anaitaka maabara ya Hank, na kuna msichana anayepenya kwenye kuta, Ghost, ambaye naye anaitaka hiyo hiyo maabara.

Mimi niliifurahia mwanzo hadi mwisho. Ninayekaa naye chumba anasema haina uzito: dunia haipo hatarini, na adui mwenyewe anaishia kutibiwa. Anaongeza kwamba ilitoka miezi miwili na siku chache tu baada ya Avengers: Infinity War, ambako nusu ya viumbe wote wanageuka vumbi, kwa hiyo hii ni ya kupitishia muda. Nikimjibu nabaki na "lakini inachekesha", na mwalimu wetu hiyo hoja haipokei.

Naombeni msaada. Filamu nyepesi ya mashujaa inapimwa kwa kipimo gani? Na mapungufu yake niyape nafasi kiasi gani?

BabaWawili

Marahaba mdogo wangu. Mwenzako anasema hakuna kilicho hatarini kwa sababu anatafuta mji unaobomoka. Mwambie aangalie nani anamtafuta nani. Scott akikutwa nje ya nyumba anarudi jela na anamkosa binti yake, Cassie. Hope anamtaka mama aliyemkosa tangu utotoni. Bill Foster (Laurence Fishburne) amemlea Ava, yaani huyo Ghost, ambaye mwili wake unasambaratika na anakufa kwa maumivu. Pande zote kuna mzazi na mtoto. Kwa mtu mwenye watoto hilo ni zito kuliko meli ya angani juu ya New York.

Tena tazama pale Ava anapotaka kumtumia Cassie kumbana Scott. Foster anamkatalia papo hapo, kwamba akimgusa yule mtoto asitegemee msaada wake tena. Sentensi chache, lakini zinakuonyesha filamu imejiwekea mpaka wake: hapa watu wanagombana, ila mtoto haguswi. Nilikuwa naitazama na wanangu na pale nilipumua. Filamu ya familia inayojua mpaka wake iko wapi ni ya kuheshimiwa.

Kwa hiyo usiandike "haina uzito lakini inachekesha". Andika kwamba uzito wake uko sebuleni, halafu uthibitishe kwa matukio.

Fundi_Mhariri

Naongezea kwa upande wa ufundi, maana kazi yangu ni kuhariri video na hii nimeirudia mara nyingi.

Kichekesho kizuri cha vitendo kinahitaji kanuni. Hapa kanuni ni kwamba kitu chochote kinaweza kupunguzwa au kukuzwa. Ukishaambiwa hivyo, kila tukio ni swali: safari hii watapunguza nini, watakuza nini, na nani hatategemea? Pambano la jikoni kwenye ule mgahawa ndilo mfano wangu mkuu. Jamaa anarusha kisu, Hope anasinyaa, anatua juu ya kisu kikiwa bado hewani, anakimbia juu ya ubao wake, anarudi ukubwa wa kawaida na kumtandika. Unaona alipotoka, unaona anapokwenda, na unaona kwa nini adui ameshindwa. Hakuna kamera ya kutikisatikisa kuficha uvivu.

Kisha kimbizana ya magari. Hope anatupa dirishani kile kidude cha peremende chenye kichwa cha Hello Kitty, kinakua kikiwa njiani na kumlaza mwendesha pikipiki. Jengo zima la maabara linakuwa begi la magurudumu, Hank anashika mpini na kuondoka nalo. Mimi hapo ndipo napima sehemu ya pili ya filamu yoyote: imepata matumizi mapya ya kanuni ya zamani, au inarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi? Ya 2015 ilikuwa na treni ya kuchezea inayokuzwa hadi kuvunja nyumba. Hii haikuirudia treni. Imelifanya jengo kuwa mzigo wa kubeba, na hadithi yote ikawa ni kunyang'anyana begi.

Lile tukio la shuleni usiliache. Vazi la Scott linaharibika, anakwama kwenye urefu wa mtoto mdogo, na ni lazima apite kwenye korido za shule ya binti yake akiwa amevaa sweta lenye kofia kama mwanafunzi. Rudd anakimbia huku mikono ya sweta ikimning'inia, na Hope anashindwa kuzuia kicheko. Pale tunajua hawa wawili wanapatana tena, bila mtu kutamka neno la mapenzi. Kichekesho kimefanya kazi ya hadithi. Liandike aya nzima.

Mama_Uhakiki

Nawaheshimu walionitangulia ila mwanafunzi asije akaandika sifa tupu, mwalimu atamrudishia.

Filamu ina maadui wawili na haikuwahitaji wote. Sonny Burch (Walton Goggins), yule wa magendo, ukimtoa hadithi haibadiliki. Yupo ili kuwe na watu wa kupigwa bila kuonewa huruma, kwa sababu Ghost anahurumiwa. Na Ghost ndiye anayeumia kwa hilo. Hannah John-Kamen amepewa mhusika mwenye kisa cha kweli: wazazi wamekufa kwenye ajali ya maabara ya baba yake, amekuzwa kama silaha, kila dakika mwili unamuuma. Filamu inamwacha akisimulia hayo yote mara moja, halafu inarudi kwenye mbio. Mwishoni Janet anamwekea mikono na maumivu yanatulia. Tatizo lililobeba nusu ya hadithi linamalizwa kwa kuguswa. Hapo nakubaliana na mwenzako, ingawa kwa sababu tofauti na yake. Kuponywa kwa adui ni jambo zuri. Lakini kuponywa kunatakiwa kugharimu kitu.

La pili ni maelezo ya kisayansi. Kila wahusika wanapokwama, mtu anatamka neno lenye kwanta ndani yake na mlango unafunguka. Scott mwenyewe anawauliza kama wanalibandika hilo neno mbele ya kila kitu. Watu wanacheka, nami nilicheka, lakini kulitaja tatizo siyo kulitatua.

Waandishi wa mswada ni watano, Rudd akiwa mmojawapo. Nadhani unaisikia mikono mingi pale katikati, begi linapobadilisha wenyewe mpaka unachoka kufuatilia.

Msee_wa_Thika

Niaje watu wa Bongo. Mumesahau Luis!

Michael Peña ndiye sababu ya mimi kuitazama mara ya pili. Wanamchoma sindano ili aseme ukweli, wanamuuliza Scott yuko wapi, na yeye anaanzia mwanzo kabisa, urafiki wao jela, mke wa Scott kumwacha, mapenzi ya Hope. Na kila anayetajwa anaonekana kwenye picha akichezesha mdomo, lakini sauti inayotoka ni ya Luis. Hope anaongea kwa sauti ya Luis. Hank anaongea kwa sauti ya Luis.

Sasa mimi nimekulia kwa filamu za DJ Afro. Mtu mmoja na maikrofoni, anamsemea steringi, anamsemea adui, anamsemea demu, na anaweka maneno yake yasiyokuwa kwa script. Huko kwenu Lufufu alikuwa anafanya hivyo hivyo, na Uganda wako na maviijei wao. Hatukuwa tunalalamika ati filamu ni nyepesi. Tulikuwa tunalipa kuskia huyo mtu akisimulia. Hiyo sini ya Luis inafanya kazi kwa mpango huo huo: raha iko kwa msimulizi, kwa vile anavyopoteza muda na wewe hutaki amalize. Huyo anayeuliza maswali amekasirika, anataka jibu moja tu, na Luis bado yuko kwa stori ya jela.

Ukiandika uhakiki kwa watu wetu, hiyo weka. Wasomaji watakuelewa mara moja.

Mwanafunzi_wa_Picha

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Hilo la Lufufu sikuwa nimelifikiria kabisa na nitaliomba.

Mama_Uhakiki, shikamoo, hoja ya Ghost naichukua nzima, kwa sababu hata mimi nilihisi kitu pale mwishoni ila sikujua nikiiteje. Swali langu lililobaki ni lile tukio baada ya majina kuanza kupita. Scott ameshuka kwenye kwanta, anangoja wamtoe, juu kumenyamaza, na kumbe Hank, Janet na Hope wamegeuka vumbi. Je, hilo linaivunja filamu? Maana saa moja na dakika hamsini na kitu tumecheka, halafu tunafungiwa hivyo.

BintiPwani

Kaka, kwangu mimi haliivunji, na ukitaka ushahidi linganisha na ya tatu.

Hii ya pili ilikuwa ya 20 kwenye mfululizo wa Marvel na ya kwanza kuwa na shujaa wa kike kwenye jina. Ingeweza kulemewa na hayo yote. Badala yake imekaa kwenye mitaa ya San Francisco, imemaliza kisa cha familia moja, na mambo ya Avengers imeyaweka nje ya mlango mpaka majina yapite. Kwa hiyo yale mavumbi yanauma kwa sababu ndiyo kwanza familia imekamilika. Janet amerudi baada ya miaka 30, hata hawajazoeana. Ungekuwa hujawapenda, usingehisi kitu. Na baada ya hapo, mwisho kabisa, unaonyeshwa sisimizi mkubwa akipiga ngoma ndani ya nyumba ya Scott, yeye ndiye aliyekuwa amevalishwa kile kifaa cha mguuni. Filamu inafunga kwa mzaha wake yenyewe.

Sasa ya tatu, 2023, mwongozaji ni huyo huyo Reed, Rudd yupo, Lilly yupo. Ila walitaka ukubwa. Karibu hadithi yote iko kwenye ulimwengu wa kwanta, adui ni mtawala wa kutisha, na Luis hayumo kabisa. Kule kila kitu ni cha kutengenezwa kwa kompyuta, hakuna begi, hakuna meza, hakuna kisu cha jikoni cha kukuonyesha kwamba mtu amekuwa mdogo. Udogo unachekesha ukiwa karibu na kitu unachokijua ukubwa wake. Hesabu za mauzo zinaonyesha: ya kwanza ilipata takriban dola milioni 519 duniani kote, ya pili milioni 622, ya tatu ikashuka hadi 476 hivi. Mauzo siyo ubora, najua, lakini kwa swali la burudani nayo ni ushahidi.

Mama_Uhakiki

Marahaba mwanangu. BintiPwani ameniwahi, hilo la kisu na meza ndilo nililotaka kusema.

Basi hukumu yako iandike hivi, kwa maneno yako: imefaulu kwenye kuburudisha, kwa sababu vichekesho vyake vinatoka kwenye kanuni ya hadithi na kwa watu wanaopendana, imepungua pale ilipomwalika mhusika mwenye maumivu ya kweli na kutompa muda. Usigawe nusu kwa nusu ili uonekane una haki. Kasoro ya Ghost ni kubwa, iandike kwa ukali, lakini dakika zake ni chache kuliko zile zinazofanya kazi, na uhakiki wako uonyeshe hivyo kwa urefu wa aya.

Na anza na tukio, usianze na maelezo ya nani kaigiza nani. Mwalimu anasoma kazi nyingi zinazoanza na majina.

Mwanafunzi_wa_Picha

Nimeelewa mama. Naanza na korido ya shule na lile sweta. Fundi_Mhariri, nikimaliza pambano la jikoni nitakutumia aya hiyo kwanza uniangalizie kama nimelieleza hatua kwa hatua.

Fundi_Mhariri

Tuma tu. Ila kabla hujaandika, litazame bila sauti. Kama bado unaelewa nani anampiga nani, una hoja yako ya kwanza.