Mrejesho: miguu mizito baada ya baiskeli

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa kwa nini nikishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa mizito kama magogo na tumbo linagoma, nikijiandaa na Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, mashindano ya michezo mitatu mfululizo: kuogelea kilomita 1.9 Ziwa Kivu, baiskeli 90, kisha kukimbia 21.1. Nimemaliza, na niko mzima!

Aliyenishauri kwenye mazoezi nishuke na kukimbia hapohapo, hata kwa robo saa tu, abarikiwe. Mwanzo bado ulikuwa mateso, ila miguu ikafunguka. Tumbo nalo lilitulia kwa kula mapema nikiwa juu ya baiskeli: ndizi mbivu vipande vipande, maji yenye sukari na chumvi kidogo, funda moja moja. Zile jeli za dukani za kuongeza nguvu, binafsi zinanichefua.

Kupona ndiko kugumu. Kesho yake ngazi za gesti nilizishuka kinyumenyume, mhudumu anacheka. Sasa natembea na kuogelea taratibu. Kukimbia nimesimamisha mpaka mapaja yaache kuuma nikiyabonyeza. Mdau aliyeuliza kuhusu dawa za maumivu: sikumeza. Ukiwa umeishiwa maji mwilini, zile za jamii ya ibuprofeni zinaweza kuumiza figo.