Mjomba anatakiwa kuzibwa jicho kwa gundi, tusaini?

Mwana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu jicho la kushoto linamsumbua siku nyingi, linapona linarudi. Hospitali wamesema ni virusi vya hepesi, vilevile vinavyoleta malengelenge mdomoni, na vimekula kioo cha jicho mpaka kimetoboka. Tundu halifiki milimita 2. Daktari anataka kuliziba kwa gundi kesho asubuhi. Mke wa mjomba amegoma: gundi ni ya viatu, wamwekee kioo kingine moja kwa moja. Wananisubiri mimi nisaini.

Kobe Temeke: Gundi? Si hatafumbua tena 😂

Sista Macho: Kobe, jicho la mtu linavuja, acha utani. Mkuu, saini. Nimekaa wodi ya macho miaka mingi. Hiyo ni sianoakrileti, ukoo mmoja na supagluu kweli, ila ya kitabibu. Wanakausha pale, wanaweka tone dogo sana, linaganda hapohapo, kisha juu lenzi laini maana gundi ikikauka inakwaruza kope. Pia inazuia chembe nyeupe za damu zisiendelee kuyeyusha konea, yaani hicho kioo cha jicho. Inakaa wiki kadhaa, hata miezi, kovu likijijenga chini yake inabanduka. Kioo kipya kikiwekwa sasa, jicho likiwa limewaka hivyo, mwili hukikataa kirahisi. Hilo ni la baadaye, likitulia, maana gundi yenyewe haimrudishii kuona.

Usiku huu asilisugue wala kulifunga pamba ya kubana. Awekewe kinga ngumu tu juu ya jicho, isiyoligusa.

Bi Nyota: Alikuwa anatumia dawa gani?

Mwana wa Mbagala: Matone ya deksamethasoni, duka la dawa la mtaani. Yalikuwa yanamtuliza kweli.

Sista Macho: Yanatuliza wekundu, huku virusi vinakula! Hiyo deksamethasoni ni steroidi, na steroidi kwenye hepesi bila asiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, ni hatari, na daktari aambiwe leo, si kesho. Vidonge vya asiklovia navyo asiviache njiani. Wengi huendelea na dozi ya kuzuia ugonjwa usirudi, miligramu 400 mara mbili kwa siku, hata mwaka mzima. Kama ana shida ya figo, aseme, dozi hubadilika.

Mwana wa Mbagala: Shukrani sista. Nimemsomea mke wa mjomba, amelegea. Anauliza tu, akiwa na lenzi atatawadhaje?

Sista Macho: Maji yasiingie jichoni kabisa. Amuulize imamu wake, ila tayamamu ya vumbi karibu na jicho hilo mimi siipendi.