Dodoma au Nakuru: milioni na laki mbili inakaa vizuri wapi?

Zabibu_Tamu
Wakuu, kuilinganisha Dodoma na Nairobi ni kuonea watu. Saizi yetu Kenya ni Nakuru: mji wa bara, umepata hadhi ya jiji 2021, sisi 2018. Chukua mtu mwenye mke na watoto wawili, mshahara 1,200,000 au KSh 60,000 (nahesabu KSh 1 kwa TSh 20). Wapi kuna nafuu? Ripoti ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) ya 2025 inaipa Kenya 0.628 na Tanzania 0.555 kwenye kipimo cha maendeleo ya watu, ila namba hiyo haipikiki. Leteni hesabu.

Mhasibu_AreaC
Tuanze na slipu ya mshahara. Dodoma, sekta binafsi: NSSF (akiba ya uzeeni) 10% ni 120,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 1,080,000 iliyobaki, inakuja 152,000. Mkononi 928,000.

Nakuru: NSSF 6% ni 3,600, SHIF ya afya 2.75% ni 1,650, tozo ya nyumba 1.5% ni 900. Zote tatu zinatoka kabla ya kodi. PAYE, ukishaondoa nafuu ya 2,400, ni kama 8,540. Mkononi 45,310, sawa na 906,000 ya kwetu.

Usishangilie hiyo tofauti ya elfu 22. Wa Nakuru ameshachangia bima ya afya humohumo, 33,000 ya kwetu, na familia imo. Wa Dodoma bado hajagusa bima. Na kama anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, toa 15% ya mshahara, yaani 180,000. Hapo anabaki na 748,000 na hadithi nyingine kabisa.

Dalali_Nkuhungu
Mkuu umepiga hesabu ya mwezi, lakini mtu huingia mjini na mtaji, haingii na slipu. Tuseme nyumba ni 250,000 kwa mwezi. Dodoma mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Jumla 1,750,000 kabla hujanunua kitanda. Nakuru nyumba ya bei hiyo, KSh 12,500, utatoa kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi: KSh 25,000, laki tano ya kwetu. Kisha unalipa mwezi kwa mwezi. Ubaya wake ni kwamba ukichelewa siku chache kule unaonekana haraka. Huku ukishalipa miezi sita, miezi mitano unalala usingizi.

Fundi_Ipagala
Umeme ndipo watu wanapopigwa bila kujua. Bei ya D1, daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, ni 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Weka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%, inakuwa 122. T1, daraja la matumizi ya kawaida, ni 292, ikivaa kodi inakuwa 356, ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Sasa wapangaji watatu wakichangia mita moja ya Luku, kila mmoja uniti 30, jumla ni 90. Mita kama hiyo kwa kawaida iko T1: kila mmoja anatoa 10,680. Angekuwa na mita yake ya D1 angetoa 3,660. Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya pango, uliza Luku ni ya nani na iko daraja gani. Halafu kuna kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida: anayewahi kununua umeme mwezi ukianza ndiye anayekatwa, ingawa jengo si lake. Kubaliana mapema na mwenye nyumba aitoe kwenye kodi ya pango.

Kenya bendi ya chini inaishia uniti 30 tu, ya kati 100, na juu yake kuna tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni zinazobadilika kila mwezi. Kwa mtumiaji mdogo, Dodoma inashinda.

MamaWawili_Ilazo
Kwenye chakula angalieni vipimo, wengi wanalinganisha vitu visivyolingana. Gunia la mahindi kwetu ni kilo 100, Kenya ni 90. Mtungi mkubwa wa gesi kwetu kilo 15, kwao 13. Unga wao unauzwa pakiti ya kilo 2. Gawa kwa kilo kwanza ndipo ubishane. Aliye Dodoma akinunua mahindi soko la Kibaigwa msimu wa mavuno na kusaga dona mwenyewe, mtu wa pakiti hamfikii. Ila yawe makavu, unyevu usizidi 13.5%. Ukiyafungia mabichi kwenye gunia sumukuvu, sumu ya ukungu, inaingia, na kupika hakuiondoi.

Zabibu_Tamu
Asante dada. Na maji je? Ya kwetu yana chumvi mpaka chai inakataa.

Bomba_la_Mzakwe
Chumvi ya Dodoma inaharibu vyombo zaidi ya watu. Ule ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa: mimina siki, acha nusu saa, unabanduka. Hita ya maji usipoisafisha inaungua, kwa sababu ukoko unazuia joto kutoka kwenye koili. Familia ya wanne ikitumia lita 200 kwa siku, simtanki la lita 2,000 ni siku kumi, hivyo mgao wa wiki hautakutisha.

Nakuru tatizo ni floridi. Haina ladha, haionekani, na inatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno yanayoota. Kuchemsha ndiyo kunaizidisha, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, na mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe. Mwenye watoto wawili aingize gharama hiyo kwenye ile 906,000.

Mhasibu_AreaC
Hiyo sikuiweka, kweli. Na anayekwenda Nakuru kwa njia ya Babati na mpaka wa Namanga abebe pasipoti, kitambulisho cha NIDA hakimvushi. Kadi ya homa ya manjano nayo iwe mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi.